Wake wa Warotari Waliounda Klabu Yao

Novemba 15, 1923, wanawake 27 walikutana kwenye hamamu ya Kituruki jijini Manchester, Uingereza. Wote walikuwa wake wa Warotari, yaani wanachama wa klabu za Rotary. Aliyewaita ni Margarette Golding, muuguzi aliyeingia katika biashara ya sare za wauguzi. Mumewe, Oliver, alikuwa mwanachama wa Rotary. Yeye mwenyewe asingeweza kuwa, maana klabu hiyo ilikuwa ya wanaume watupu.

Ajabu ni kwamba Rotary, tangu wakili Paul Harris alipoianzisha Chicago mwaka 1905, iliwatafuta watu wa biashara na taaluma mbalimbali. Golding alikuwa na vyote viwili. Kilichomkosesha kiti ni jinsia yake.

Kazi zenyewe za Rotary wanawake hao walishazizoea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wake wa Warotari wa Uingereza walishika shughuli nyingi za hisani bega kwa bega na waume zao, na humo wakapata urafiki ambao hawakutaka ufe vita vilipokwisha. Golding aliona kwamba urafiki usio na katiba wala mikutano hupotea. Januari 10, 1924 klabu yao ikachukua jina la Inner Wheel, na alama yake ikawa gurudumu dogo ndani ya gurudumu la Rotary. Tarehe hiyo ndiyo wanayoiadhimisha hadi leo.

Klabu nyingine zikafuata, na mwaka 1934 zikaunda chama cha Uingereza na Ireland, Golding akiwa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1939. Chombo cha kimataifa kilikuja 1967.

Lakini mlango wa Inner Wheel ulikuwa na sharti lake: mwanamke aliingia kwa kuwa mke au ndugu wa Mrotari. Angeweza kuongoza mikutano, kukusanya fedha na kuzuru wagonjwa, ila kilichomfikisha pale ni kadi ya mwanamume. Hata Jean Harris, Mskoti aliyeolewa na Paul mwaka 1910 na kusafiri naye nchi nyingi kuitangaza Rotary, hakuwahi kuwa Mrotari. Alifia Edinburgh mwaka 1963.

Ubishi mkubwa kuhusu kuwapokea wanawake katika Rotary ulizuka California. Klabu ya Rotary ya Duarte iliandikisha wanawake watatu mwaka 1977, na mwaka uliofuata Rotary ikaifutia uanachama. Klabu haikunyamaza, ilikwenda mahakamani. Mei 4, 1987, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura saba bila kupingwa, kwamba California ilikuwa na haki ya kuzilazimisha klabu za Rotary kupokea wanawake. Mwaka 1989 Rotary yenyewe ikaondoa sharti la uanaume duniani kote. Rais wake wa kwanza mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alishika wadhifa huo Julai 2022, miaka 117 baada ya klabu kuanzishwa.

Inner Wheel haikufa kwa sababu hiyo. Iko katika nchi zaidi ya 100, na kwa maoni yangu hilo linaonyesha kwamba wake wale hawakuwa wakisubiri tu kufunguliwa mlango wa waume zao.

Hapa kwetu, Rotary ya Nairobi ilianza mwaka 1930. Klabu zetu zinazoandaa vitabu vya kumbukumbu zitafute majina ya wake wa wanachama wa mwanzo, zihoji familia zao, na ziyachapishe pamoja na ya marais.