Dume Mmoja, Vitukuu Maelfu

Ndugu wasomaji, leo tuweke siasa pembeni tuzungumzie ng'ombe. Msicheke. Kisa hiki kina yale yote tuliyozoea kuyaona kwa wakubwa: ukoo, umaarufu, siri, na mwishowe ukweli kuanikwa juani.

Mwaka 1952 alizaliwa Marekani dume wa Holstein aliyeitwa Osborndale Ivanhoe. Alisifika kwa kuzaa mitamba mirefu yenye umbo zuri. Miaka mitatu kabla yake, wanasayansi wa Uingereza walikuwa wamegundua kwamba gliserini hulinda mbegu za kiume zisife kwenye baridi kali. Zamani dume alipanda majike wa boma lake na la jirani. Kuanzia hapo dume mmoja aliweza kuzalisha katika mabara kadhaa, hata baada ya kufa.

Kumbe Ivanhoe alibeba jeni mbovu. Mwenyewe hakuugua, kwa sababu alikuwa na nakala moja mbovu na nyingine nzima. Balaa huja pale mbebaji anapokutana na mbebaji: kwa wastani, ndama mmoja kati ya wanne hurithi nakala mbovu mbili. Ndama huyo chembe zake nyeupe za damu hushindwa kutoka kwenye mishipa kwenda kupambana na vijidudu. Hupata homa ya mapafu, huharisha, hupona kidogo, huugua tena, kisha hufa. Ugonjwa huu huitwa BLAD. Mfugaji angejuaje? Ndama kufa kwa nimonia ni jambo la kila siku.

Wenzetu walikwishaonja shubiri ya namna hii. Kwenye miaka ya 1950 wafugaji wa Hereford nchini Marekani walisumbuliwa na ndama vibeti. Kipimo cha wakati ule kilikuwa kumpandisha dume kwa majike wanaojulikana kuwa wabebaji. Wakizaliwa ndama 16 wote wazima, una uhakika wa asilimia 99 kwamba dume ni safi. Hesabu mwenyewe gharama na miezi ya kusubiri! Ndiyo maana wengi walitegemea kitabu cha ukoo tu, na mwenye dume la bei mbaya alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Mambo yaligeuka mwaka 1992. Watafiti wa Marekani walipata kosa lenyewe kwenye jeni, herufi moja tu iliyobadilika, wakatengeneza kipimo cha vinasaba. Kati ya madume wa Holstein waliopimwa, asilimia 14 hivi walikuwa wabebaji. Kwa majike ilikuwa karibu asilimia 6. Ukifuata koo zao, zote zinarudi kwa Ivanhoe. Ona ajabu hiyo: madume ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa wafugaji walikuwa wakichagua damu ya Ivanhoe kwa makusudi.

Haikuishia hapo. Mjukuu wake, Carlin-M Ivanhoe Bell, aliyezaliwa mwaka 1974, alikuwa mbebaji wa BLAD na pia wa CVM, kasoro ya uti wa mgongo iliyotambuliwa Denmark miaka ya 2000 na 2001. Mimba nyingi zenye kasoro hiyo huharibika kabla ya kuzaliwa, na mfugaji hubaki akidhani jike wake hashiki.

Je, dume mbebaji achinjwe? Hapana. Ukishajua, unampandisha kwa jike safi na hakuna ndama atakayeugua. Ubaya haukuwa kwa Ivanhoe, ulikuwa gizani. Kipimo kilichukua siri ya mwenye dume kikaiweka kwenye karatasi ya mauzo, ambako hata mnyonge anaweza kuisoma.

Hili linatuhusu. Mbegu za Holstein na Friesian kutoka nje zimeingia Kenya na Tanzania kwa miaka mingi, na mfugaji mwenye ng'ombe wawili akipoteza ndama mmoja jike, amepoteza nusu ya matumaini yake. Kwa hiyo mhimilishaji akija, muulize karatasi za dume. TL maana yake amepimwa hana BLAD, BL ni mbebaji. TV hana CVM, CV ni mbebaji. Herufi mbili tu, wala hazilipiwi.

Wafugaji mliopo, mmewahi kuonyeshwa karatasi hizo? Semeni.