Makucha ya Paka na Akiba ya Mahindi Babati

Mgeni aliyefika Babati zamani, kabla barabara haijatiwa lami, akakaribishwa katika nyumba ya mkulima yeyote baina ya Mlima Kwaraa na lile ziwa la viboko, hakumkuta paka mkekani. Paka alikuwa darini, juu ya moshi wa meko, katikati ya mahindi yaliyoachwa na maganda yake yakauke taratibu, na huko ndiko alikowinda, alikolala na alikozalia. Hakuna aliyemgusa makucha. Kumkata makucha siku zile kungalikuwa sawa na kumpokonya mlinzi mkuki jua linapotua, na mtoto ambaye angalithubutu kufanya hivyo angaliulizwa na wazee kama yeye yu tayari kukesha darini badala ya paka.

Desturi hiyo nimeiona ikigeuka kwa macho yangu, nyumbani kwa bibi yangu, Mrangi aliyeolewa Babati akitokea upande wa Kondoa. Na kwa kuwa aghalabu watu hudhani kukata paka makucha ni anasa ya wenye makochi ya kitambaa, natamani ijulikane kwamba kwetu jambo hili lilianzia kwenye chakula.

Usuhuba wa paka na nafaka ni wa kale mno. Asili ya paka wa nyumbani ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye jamaa zake wangali wakiwinda katika nyika ya Tarangire, si mbali na Babati. Naye aliwasogelea wanadamu kwa hiari yake, bila kufungwa kamba, pale walipoanza kuweka akiba ya ngano na shayiri, nayo akiba ikawaita panya. Kisiwani Kupro limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Huku kwetu, panya mweusi alishuka pwani na vyombo vilivyotoka Asia, na mifupa yake imeonekana katika magofu ya Unguja Ukuu. Basi nafaka ilikokwenda panya aliifuata, na paka akamfuata panya. Dini nayo ilimpa paka heshima yake: sahaba Abu Huraira alipata lakabu yake kwa sababu ya kitoto cha paka, na Waislamu wa Babati, kama ndugu zao wa pwani, hawakumhesabu kuwa najisi, wala hawakuyamwaga maji ya udhu kwa sababu paka ameyaramba.

Aliyemshusha paka darini alikuwa mdudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora lilijulikana janga la dumuzi, kijidudu mwenye asili ya bara la Amerika, mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye wakulima walimwita pia Skania. Dumuzi hulila hindi likingali kwenye gunzi, hata mti wa dari huutoboa, na mwenye mali anapokwenda kuangalia akiba yake hukuta vumbi la unga. Janga lilipoenea nchini, mabwana shamba waliwahimiza watu wayapukuchue mahindi mapema, wayachanganye na dawa ya unga na kuyatia katika magunia. Dari ikabaki tupu. Magunia, kwanza ya katani na baadaye ya sandarusi, yakapangwa chumbani, na kwa kuwaogopa wezi chumba hicho kikawa kile kile cha kulala. Paka akateremka pamoja na mahindi, akafanya maskani juu ya magunia.

Hapo ndipo makucha yalipoanza kuleta maneno. Paka haparuri kwa ukorofi: gamba la nje la ukucha wake huchakaa, naye hana budi kulibandua ili lililo jipya chini yake, lenye ncha kali, lipate kutokeza; tena kwa kuparura huacha alama na harufu ya nyayo zake, kama mtu anayetia muhuri kwenye milki yake. Lakini muhuri ule ulipigwa kwenye sandarusi, na kila asubuhi punje zilikuwa sakafuni. Shida ilizidi ilipokuja mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi huiita kinga njaa: mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa sandarusi, hufungwa kwa nguvu ili wadudu wafe kwa kukosa pumzi, pasipo dawa. Ujuzi huo ulianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde, na kwetu ukafaa kwa mahindi na mbaazi. Mfuko wa namna hii hauvumilii tundu. Ukucha ukipenya mpaka kwenye plastiki, hewa huingia na wadudu huendelea na karamu yao.

Walikuwapo majirani waliomfukuza paka wakategemea sumu, na paka wa watu wengine wakala panya waliokufa, wakafa nao. Bibi alilichukia jambo hilo kwa moyo wake wote. Na panya hakuwa wa kudharauliwa, kwani mwaka 2007 tauni ilizuka wilaya ya jirani ya Mbulu, katika mkoa wetu huu wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002.

Basi Ijumaa moja, siku aliyozoea kutukata kucha sisi wajukuu kwa kuifuata sunna, na vilevile ili mwalimu wa zamu asitutoe mstarini Jumatatu, Bibi alipomaliza vidole vyetu alimpakata paka. Alimviringisha katika kanga kuukuu, akauacha nje mguu mmoja wa mbele, akakibonyeza kidole kwa gumba lake juu na shahada chini, mpaka ukucha ukachomoza alani mwake. Akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama, mjukuu wangu," alisema, "hapa peupe hapana uchungu, hapa penye wekundu pana damu. Usipafikie." Akakata ncha tu, kwa kikatio kile kile cha kwetu. Paka ana makucha 18, matano kila mguu wa mbele na manne kila mguu wa nyuma. Bibi alikata yale kumi ya mbele, ya nyuma akayaacha, na hakusahau ule ukucha wa kidole cha ndani usiogusa ardhi, ambao paka akizeeka hupinda na kumchoma nyamani.

Nilipoachiwa kazi hiyo mimi, nilikata kwa pupa. Tone la damu likatokeza, nami nikashikwa na hofu kuliko paka mwenyewe. Bibi hakunigombeza, alichota unga wa mahindi kwa ncha ya kidole, akaukandamiza penye jeraha mpaka damu ikakatika. Siku mbili nzima paka yule alikuwa akinihama mimi tu kila nilipoingia chumbani, na hata leo siwezi kuliharakisha tendo hili.

Nchi nyingine walithubutu kuung'oa ukucha kabisa, maana yake kukata na mfupa wa ncha ya kidole. Uingereza imelikataza jambo hilo, na jimbo la New York likafuata mwaka 2019. Nami naliita dhuluma, kwa kuwa paka hawezi tena kupanda vizuri wala kujitetea ipasavyo. Babati ya leo, iliyounganishwa na Dodoma kwa kilomita 251 za lami tangu mwaka 2018, ina sebule nyingi zenye makochi, na wenye makochi nao hukata paka wao makucha.

Vipande vile vyembamba, vilivyopinda kama hilali, Bibi hakuvifagia uani. Aliviokota kimoja kimoja mkekani, akavifunga katika karatasi pamoja na vya kwetu, akavifukia penye majivu nyuma ya jiko. Kisha akamfungua paka katika kanga, naye akajitikisa, akarukia juu ya magunia.