Njia za kupunguza gharama ya gesi nyumbani

FAMILIA nyingi mijini hupika kwa gesi, lakini ni chache zinazohakikisha kwamba kiasi zilicholipia ndicho zilichobeba kwenda nyumbani.

Tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu zaidi ya petroli, dizeli na mafuta taa. Gesi ya kupikia haimo katika orodha hiyo. Kila muuzaji hujipangia bei, hivyo nafuu iliyotokana na kuondolewa kwa ushuru wa VAT mnamo Julai 2023 huenda isimfikie mnunuzi asiyelinganisha.

Ili kulinganisha, gawanya bei kwa idadi ya kilo. Ukiuziwa gesi ya kilo 6 kwa Sh1,500, kila kilo imekugharimu Sh250. Ile ya kilo 13 kwa Sh2,990 ni Sh230 kwa kilo.

Pili, dai mtungi upimwe mbele yako. Uzani wa mtungi mtupu huandikwa kwenye chuma chake. Ikiwa ni kilo 13.5, ukijazwa kilo 13 za gesi mizani ionyeshe 26.5. Ikionyesha 24.5, umelipia kilo mbili ambazo hukupewa.

Jihadhari na gesi ya bei ya chini inayojazwa vichochoroni. Mlipuko katika kituo haramu cha gesi mtaani Embakasi, Nairobi, mnamo Februari 1, 2024 uliua watu na kujeruhi mamia.

Jikoni, loweka maharagwe na mahindi makavu usiku kucha kabla ya kuyachemsha. Funika sufuria, na chakula kikianza kutokota punguza moto, kwani maji yanayochemka hayazidi kupata joto hata ukiongeza gesi. Chemsha maji ya chai mara moja na kuyahifadhi katika chupa ya thamosi. Moto wa manjano unaochafua sufuria kwa masizi huashiria kuwa jiko linahitaji kusafishwa.

Funga mtungi kila umalizapo kupika, na upake povu la sabuni kwenye mpira na maungio yake. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Bandu bandu huisha gogo.

Hatimaye, andika tarehe ya kila mtungi mpya. Ukiisha mapema kuliko kawaida, utajua pa kuanzia kuuliza: dukani au jikoni.