Shaba, asidi na bomba la plastiki: jibu kwa baba mukubwa

Kila nikirudi Kinkondja, baba mukubwa ananiulizaka: "Mwana, ku Lubumbashi unasomaka nini?" Namujibu: mabomba ya viwanda. Anacheka. Kwake bomba, ile tunaitaka tiyo, ni ya kuleta maji tu. Leo namujibu kwa njia ya historia.

Mwaka 1957 wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa letu Kisale. Walikuta vyungu na mapambo ya shaba ya watu walioishi hapa karibu miaka elfu moja iliyopita. Shaba ile iliyeyushwa kwa moto wa makaa. Mwaka uleule, kule Italia, kampuni ya Montecatini ilianza kutengeneza polipropilini kwa wingi, kutokana na kazi ya Giulio Natta ya mwaka 1954. Mwaka 1963 Natta alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler.

Shaba na plastiki vinakutana wapi? Mu asidi. Leo shaba nyingi ya Katanga haitoki kwa moto. Mawe yanasagwa, yanalowekwa katika asidi ya salfa, kisha umeme unavuta shaba. Kiwanda cha Luilu, Kolwezi, kilianza kazi hiyo mwaka 1960. Lakini asidi yenye maji inakula chuma cha kawaida. Zamani ilibidi kukivika risasi au mpira kwa ndani.

Polipropilini haishiki kutu, na asidi hiyo haiitishi. Ni nyepesi kuliko maji. Vipande viwili vinapashwa moto na kushikana vikawa kitu kimoja, kwa hiyo nafasi za kuvuja zinapungua. Tusidanganyane: jua kali linaichakaza isipokingwa, asidi ya nitriki kali inaiharibu, na joto likipanda, nguvu yake ya kubeba presha inashuka.

Baba mukubwa, hii inakuhusu. Lualaba inapita upande wa Kolwezi, inashuka Bukama, inaingia Kisale. Asidi ikivuja kule juu na kufika mtoni, njia yake ni kuja huku, kwa samaki wako. Na ile kamba yako inayoelea juu ya maji? Mara nyingi ni polipropilini hiyohiyo.

Bandugu munaosoma kemia na ufundi: tukipata kazi kule juu, tukumbuke nani anakunywa maji huku chini.