Binti wa Mrimba

Kuasisiwa kwa Kilwa Kisiwani kunasimuliwa kwa njia zaidi ya moja. Katika tarihi ya Kiarabu ya karne ya 16, kisiwa kinabadilishwa kwa nguo: mwanamume anauza, mwanamume ananunua. Masimulizi ya Kiswahili, yaliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907, yanaongeza mtu wa tatu. Sultani Ali, mgeni kutoka Uajemi, anamwoa binti wa Mzee Mrimba, mwenyeji wa kisiwa; kisha anamtuma mkewe akamwombe babaye ahamie bara. Mrimba anaridhia, kwa sharti la kutandikiwa nguo za kupita juu yake.

Siyachukui haya kuwa ushahidi wa yaliyotokea. Ni ushahidi wa jinsi watu wa Kilwa walivyoufikiria uhalali wa mamlaka.

Mwaka 1988 mwanafalsafa Carole Pateman alidai kwamba mkataba wa kijamii, ambao Locke na Rousseau waliufanya msingi wa dola, unaficha mkataba mwingine: ule uliowaweka wanawake chini ya wanaume. Kilwa haikuuficha. Ndoa inatangulia, nguo zinafuata.

Hata hivyo, masimulizi yetu yanakwenda mbali zaidi. Mtoto wa ndoa ile, Muhammad, alipokuwa mtu mzima alikwenda kumzuru babu yake, na Mrimba akamkabidhi mamlaka yake. Wamwera, Wamakonde na Wayao wa kusini wamezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Msikilizaji wao angeelewa mara moja. Nguo zilimpa Ali mahali pa kukaa. Haki ya kutawala ilimfikia mwanawe kupitia kwa mama.

Na mama huyo hana jina. Mwanawe anaitwa bin Ali. Sarufi yenyewe inashuhudia: Ali ameoa, yeye ameolewa. Lakini katika kisa chote, neno lililokihamisha kisiwa lilipita kinywani mwake.

Wavumao baharini papa, kumbe wengi wapo. Washairi wenzangu watashawishika kumtungia jina. Mimi naona tumwite kama alivyoachwa, Binti wa Mrimba, ili kila atakayemtaja aulize jina lake lilikwenda wapi, na nani alinufaika lilipopotea.