Tretinoini: Dawa inayojenga upya ngozi iliyozeeka
Ngozi hulegea na kukunjamana kolajeni, protini inayoipa uimara, inapopungua. Miale ya jua huharakisha hali hiyo kwa kuchochea vimeng'enya vinavyovunja kolajeni.

Tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A, huvidhibiti vimeng'enya hivyo na kuzichochea seli kuunda kolajeni mpya. Mwaka 1986, daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa dawa hiyo huinufaisha ngozi iliyochakazwa na jua.

Matokeo huchukua miezi kadhaa. Mwanzoni ngozi huweza kuwasha na kubambuka. Dawa hupakwa usiku, na mchana ngozi hukingwa dhidi ya jua. Wajawazito hushauriwa kuiepuka ili kumlinda mtoto aliye tumboni.