Mikorosho na Mirathi: Maisha na Kifo cha Mkulima Mkongwe katika Pwani ya Ruvuma

Katika uwanda wa juu wa Makonde, na katika ukanda wa pwani unaoteremka kutoka huko hadi Mikindani, Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, kifo cha mkulima mkongwe kilibadilika maana yake katika muda usiozidi karne moja, na kilichokibadilisha kuliko dini, serikali au shule ni mti mmoja. Kabla mkorosho haujawa zao la biashara, mzee alifariki akiacha jina, watu waliomtegemea na haki ya ukoo wake kulima mahali fulani; mkorosho ulipoenea, alifariki akiacha mali inayohesabika shina kwa shina, inayozaa kila mwaka na inayoweza kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani. Msiba uliokuwa shughuli ya kumzika mtu na kumpata wa kushika nafasi yake ukaongezewa swali ambalo wazee wa zamani hawakuwa na sababu ya kuliuliza, nalo ni nani atakayeokota korosho msimu ujao.

Wamakonde, pamoja na jirani zao Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa asili huhesabu nasaba kwa upande wa mama, yaani mtoto huwa wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye kauli juu yake ni mjomba, ambaye kwa Kimakonde huitwa njomba, zaidi ya baba aliyemzaa. Utaratibu huo ulishikana na namna watu walivyokaa juu ya uwanda katika karne ya 19, wakati uvamizi wa Wangoni na misafara ya watumwa iliyokuwa ikiteremka kuelekea bandari za Mikindani na Lindi ilipowafanya wengi watafute usalama katika vichaka vizito visivyopenyeka kwa urahisi. Gharama ya usalama huo ilikuwa maji, kwa kuwa udongo wa kichanga wa uwanda hunywa mvua yote bila kuacha mto wala chemchemi, hivyo wanawake walishuka makorongo marefu kila siku na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani, na hali hiyo haikuanza kupungua hadi mradi wa kusukuma maji ulipoanzishwa katika miaka ya 1950. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig aliyefika Newala mwaka 1906, mara tu baada ya moto wa Vita vya Maji Maji, aliandika masimulizi ya asili ya kabila hilo, ambamo mtoto aliyezaliwa karibu na mto alizaliwa mfu, na ni baada ya wazazi kuhamia juu ndipo mtoto akaishi. Kwa watu waliokuwa na masimulizi kama hayo, kutembea nusu siku kutafuta maji hakukuwa upumbavu, kama wageni wengi walivyodhani, bali bei ya uhai iliyokwisha kukubaliwa.

Mtu aliyetangulia kufyeka msitu mahali alitambuliwa kuwa mkulungwa, yaani mkuu wa makazi, na eneo lililokuwa chini yake liliitwa chirambo. Hapakuwa na mfalme wa Wamakonde wote. Kila chirambo kilijitegemea, na aliyekuja baadaye aliomba kwa mkulungwa mahali pa kulima. Mtama, muhogo, kunde na mbaazi vililimwa kwa miaka michache, kisha shamba likaachwa lirudi kuwa kichaka, na mkulima akafyeka kwingine. Jasho la mtu lilidumu juu ya ardhi kwa muda wa mazao yake tu, na ardhi yenyewe ikarudi mikononi mwa ukoo bila ugomvi.

Kwa hiyo mzee alipofariki, kilichorithiwa kilikuwa kidogo kwa macho na kikubwa kwa heshima. Ng'ombe walikuwa adimu, ndorobo wakiwa wamewazuia. Palikuwa na bunduki ya gobori, nguo, vyombo, madeni ya kudai na ya kudaiwa, na zaidi ya hayo jina na cheo, ambavyo vilimwendea mdogo wa marehemu wa tumbo moja au mpwa wake, mtoto wa dada, na si mwanawe. Mjane alikuwa na haki yake katika ardhi ya ukoo wake mwenyewe, na watoto walikuwa na wajomba zao. Hakuna aliyebaki hewani. Mazishi yaliwakusanya ndugu wa pande zote, na watani, yaani watu wa kabila au ukoo wenye haki ya kutaniana bila kukasirishana, walipewa kazi nzito msibani na uhuru wa kusema mbele ya maiti maneno ambayo ndugu wa damu hakuthubutu kuyasema. Kulima hakukusimama kwa sababu mzee amekufa.

Pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo tangu mapema. Katika vijiji vya Msimbati na vya pembeni mwa mikoko ya Ruvuma, ambako watu waliishi kwa uvuvi, mpunga wa mabondeni na minazi, Uislamu ulikuwa umekwisha kuleta hesabu yake ya mirathi, ambamo mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane, na mtoto wa kiume hupata maradufu ya mtoto wa kike. Mnazi ulikuwa umekwisha kuwazoesha watu wa pwani wazo kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe hata kama ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe mwingine. Mpaka wa nchi nao uliwahi kuchezewa hapo hapo, pale Wajerumani walipoitwaa Kionga, kusini mwa mlango wa mto, mwaka 1894, na Wareno wakaitwaa tena mwaka 1916, huku wakulima wa kando ya mto wakiendelea kuvuka kwa mitumbwi kwenda kuwazika ndugu zao.

Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini kwa muda mrefu ulikuwa mti wa pembeni tu, ambao mabibo yake, yaani matunda laini yanayoshika korosho, yaliliwa na watoto na kukamuliwa kuwa uraka, kileo kinachojulikana Kusini kote. Ulikuja kuwa zao la biashara hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyabiashara wa Kihindi walipoanza kununua kwa wingi korosho ghafi na kuzipeleka kubanguliwa India. Miaka hiyo hiyo serikali ya Uingereza ilikuwa ikimwaga fedha Nachingwea katika mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, uliojengewa reli hadi pwani na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Mpango uliachwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954 bila karanga za kusafirisha, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichokuja kuipa bandari hiyo kazi ni magunia ya wakulima wa jembe la mkono, ambao hakuna aliyewapangia mpango wowote. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo, katika historia ya kilimo ya Tanganyika, wa wakubwa kushindwa na wadogo kufaulu katika mkoa mmoja na muongo mmoja.

Mkulima alipanda mbegu ya korosho katikati ya muhogo wake, na kwa miaka miwili au mitatu hapakuwa na tofauti kubwa. Kisha matawi yakatanuka, kivuli kikaziba, na shamba ambalo kwa desturi lilipaswa kurudi kuwa kichaka likabaki la mtu yule yule kwa miongo kadhaa, kwa kuwa mkorosho ukitunzwa vizuri huzaa maisha ya mtu na zaidi. Kazi zake nazo zilikuwa za nyumbani. Kabla ya msimu, ambao huanza mwezi wa Septemba au Oktoba, majani chini ya miti hufyekwa na kufagiliwa hadi mchanga uonekane, ili korosho iliyodondoka isipotee. Kila asubuhi mabibo yaliyoanguka huokotwa, korosho ikanyofolewa kwa kuzungushwa kidogo, ikaanikwa juani hadi itoe mlio inapotikiswa. Waliookota, wakanyofoa na kuanika walikuwa mke na watoto wa mwenye shamba. Wapwa walikuwa mbali, katika mashamba ya baba zao wenyewe, wakifanya kazi ile ile.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mzee alipofariki, mpwa alifika msibani akiwa na haki ya kale ya ukoo, na watoto walikuwa nyumbani wakiwa na haki ya jasho, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ardhi ni ya ukoo wetu, mpwa aliweza kusema, na marehemu aliilima kwa sababu alikuwa mmoja wetu. Miti ni yetu, watoto waliweza kujibu, kwa kuwa tulikuwapo ilipopandwa. Sheria ya Kiislamu iliwapa watoto ushindi wa wazi, kwa sababu mtoto wa dada hana fungu palipo na watoto wa kiume, lakini ilimwachia mzee mlango wa wasia, ambao kwa sheria hiyo hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali, na ndani ya theluthi hiyo mpwa mpendwa aliweza kuachiwa mashina yake. Kanisa la Anglikana, lililoanza Masasi mwaka 1876, na watawa wa Benedikto waliojenga Ndanda mwaka 1906, nao walifundisha nyumba ya baba, mama na watoto wao, jambo ambalo kwa mirathi lilikuwa na matokeo yale yale.

Tatizo la mkulima mchamungu anayezeeka juu ya mali isiyogawanyika kwa urahisi halikuwa la Mtwara peke yake. Wamennonite, Wakristo wanaotokana na mafundisho ya Menno Simons, padri wa Kiholanzi wa karne ya 16, ambao hubatiza watu wazima tu na hukataa kushika silaha, na ambao waliingia Tanganyika mwaka 1934 kwa kujenga kituo Shirati, upande wa pili kabisa wa nchi, walikuwa wamelipatia tatizo hilo jibu la kitaasisi. Katika makazi yao ya kusini mwa Urusi ya zamani, leo Ukraina, shamba kamili halikuruhusiwa kukatwa vipande, lakini thamani yake iligawanywa sawa kwa watoto wa kiume na wa kike, na ofisi maalumu ya mayatima ilikagua mali ya kila marehemu na kuwatunzia watoto mafungu yao. Utaratibu huo ulizuia dhuluma, lakini uliwaacha wengi bila ardhi, na katika miaka ya 1860 wasio na mashamba waligombana hadharani na wenye nayo. Waamishi, jamaa zao wa karibu, wana desturi nyingine: mzee hukabidhi shamba kwa mtoto angali hai, kisha huhamia nyumba ndogo iliyojengwa ubavuni mwa ile kubwa.

Wazee wa Makonde hawakuwa na ofisi, lakini busara ya kukabidhi mapema waliifahamu. Baba aliweza kumwonyesha mwanawe sehemu ya shamba angali na nguvu, mbele ya mashahidi, ili ikitokea siku ya matanga mtu asiseme kwamba miti hiyo ilikuwa ya marehemu. Kwa Waislamu tendo hilo ni hiba, yaani zawadi ya mtu aliye hai, isiyohesabiwa katika mirathi. Serikali huru haikuongeza mwanga mkubwa, kwani sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilitungwa kwa kufuata jamii za ukoo wa baba, na jamii za ukoo wa mama zikabaki na desturi zisizoandikwa.

Kisha mali yenyewe ikakaribia kupotea. Uzalishaji wa nchi ulifika takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, na kufikia 1986/87 ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, kwa agizo la mwaka 1973 kwamba wakulima wote wakae katika vijiji ifikapo 1976, na katika mkoa uliopakana na vita vya ukombozi vya Msumbiji ulinzi ulikuwa sababu nyingine ya kuwakusanya. Miti ikaachwa kilomita kadhaa, vichaka vikaimeza na moto ukapita chini yake. Bei iliyolipwa na mamlaka ya ununuzi haikumshawishi mtu kuirudia, na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaokausha maua, ukamalizia. Mzee aliyefariki katika miaka hiyo aliacha mikorosho ambayo hakuna aliyeigombea.

Salfa inayopulizwa juu ya maua, iliyoenezwa kwa msaada wa utafiti wa kituo cha Naliendele nje kidogo ya mji wa Mtwara, iliirudishia miti uhai katika miaka ya 1990, na ugomvi ukarudi pamoja nayo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaomtaka mkulima apeleke korosho ghalani kupitia chama cha ushirika zikauzwe kwa mnada, ulianza mwaka 2007. Msimu wa 2017/18 ulipita tani 300,000, na mwaka uliofuata serikali ilinunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likasimamia usafirishaji na wauzaji wakahakikiwa mashamba yao. Uhakiki huo uliwalenga wafanyabiashara wa kangomba, ununuzi wa nje ya mfumo ambao mkulima hupewa fedha kabla ya msimu na kulipa kwa korosho zinazopimwa kwa chombo badala ya mizani. Deni la namna hiyo halina karatasi, na mwenye kulidai akitokea matangani hakuna awezaye kulithibitisha wala kulikanusha kwa uhakika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na mirathi ya mkulima aliyeishi kwa mila au kwa Uislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa kawaida mahakama huomba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi. Mpwa hana tena fungu la uhakika katika mikorosho ya mjomba wake, lakini katika kikao hicho bado anaitwa, bado anasikilizwa, na jina lake huandikwa miongoni mwa waliohudhuria.